Jasusi wa 1977 na kesi iliyotaka kumzamisha

Tarehe 7 Julai 2027 filamu ya The Spy Who Loved Me itatimiza miaka 50 tangu ilipozinduliwa katika ukumbi wa Odeon, Leicester Square, mjini London. Maadhimisho hayo yataukuta ukoo wa Broccoli haushiki tena usukani. Februari 2025 Barbara Broccoli na kaka yake kwa mama, Michael G. Wilson, walitangaza kwamba maamuzi yote ya kisanii kuhusu James Bond sasa ni ya Amazon MGM. Kazi iliyolelewa na nyumba moja tangu 1962 imehamia kwa shirika kubwa la biashara.

Habari ile ilipotoka, wengi walikimbilia kubashiri mwigizaji mpya atakuwa nani. Mimi iliniuma kwa sababu nyingine. Filamu hii ya 1977 ndiyo ya kwanza ambayo baba yao, Albert Broccoli, aliyezoeleka kwa jina la Cubby, aliitayarisha peke yake. Ndiyo pia ambayo Wilson, mtoto wake wa kambo, alitajwa kama msaidizi maalumu wa mtayarishaji. Ilitengenezwa huku mbia ameondoka, mawakili wanabisha hodi, na mapato ya filamu iliyotangulia yamewavunja moyo wafadhili. Ingeanguka, huenda leo Bond angekuwa habari ya kale, pamoja na majasusi wengine wa sinema za miaka ya 1960 waliokwisha kusahaulika.

Kwa wasioikumbuka, hadithi yenyewe ni nyepesi. Nyambizi mbili zenye makombora ya nyuklia, moja ya Uingereza na nyingine ya Urusi, zinatoweka baharini. Bond, akichezwa na Roger Moore kwa mara ya tatu, analazimika kushirikiana na Meja Anya Amasova wa KGB, akichezwa na Barbara Bach. Aliyeziiba ni tajiri wa meli, Karl Stromberg, anayetaka kuwasha vita vya nyuklia ili binadamu waanze upya chini ya bahari. Ana meli ya mafuta inayofungua kinywa na kumeza nyambizi nzima, na ana mtumishi mwenye meno ya chuma, Jaws, ambaye hakuna ajali inayomuua. Sinema za siku hizi zina aibu ya kusimulia hadithi ya namna hiyo bila kujieleza. Hii haijielezi hata kidogo, na ndiyo maana bado inachangamsha.

Twende nyuma kidogo. Tangu Dr. No ya 1962, Broccoli alikuwa na mbia, Harry Saltzman, raia wa Kanada mwenye vurugu ya mawazo na mikono mirefu katika biashara nyingine. Biashara hizo zilimwelemea. Alikuwa ameweka rehani hisa zake za kampuni yao, na wadai walipofika mlangoni hakuwa na njia. Mwishoni mwa 1975 akauza sehemu yake kwa United Artists. The Man with the Golden Gun ya 1974 ilikuwa imeingiza fedha kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Mtu mwingine angepunguza gharama. Broccoli aliomba bajeti ya karibu dola milioni 14, mara mbili ya ile iliyopita.

Kulikuwa na mtego mwingine. Ian Fleming, mwandishi wa vitabu vya Bond, hakukipenda kabisa kitabu chake cha 1962 chenye jina hilo, kinachosimuliwa na mwanamke na ambamo Bond anachelewa mno kutokea. Alipouza haki za filamu alikubali jina tu litumike. Hadithi ilipaswa kubuniwa upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Waandishi wakapishana kama abiria kituoni. Anthony Burgess, mtunzi wa A Clockwork Orange, alijaribu. Mwongozaji John Landis alijaribu. Richard Maibaum, mkongwe wa mfululizo huu, aliandika muswada ambamo vijana kutoka makundi halisi ya kigaidi ya wakati ule wanaivamia SPECTRE, genge la wahalifu la filamu za awali, na kuwang'oa wazee wake. Broccoli aliona siasa imezidi. Mwisho kazi ikamfikia Christopher Wood, Mwingereza aliyejulikana kwa vitabu vya vichekesho vya chumbani. Kichwani mwa muswada ule, pamoja na mabadiliko yote, alibaki Ernst Stavro Blofeld, mkuu wa SPECTRE.

Hapo ndipo Kevin McClory alipotokea.

Simulizi ya ugomvi wake na watu wa Bond nimeitoa hasa katika vitabu viwili: kumbukumbu za Broccoli zilizochapishwa 1998, miaka miwili baada ya kifo chake, na The Battle for Bond cha Robert Sellers cha 2007. Hata hicho cha pili kilipata msukosuko: wasimamizi wa mirathi ya Fleming walilalamikia nyaraka zilizochapishwa ndani yake, na toleo la kwanza likaondolewa sokoni. Zaidi ya miaka 40 baada ya kesi ya kwanza, karatasi zake zilikuwa bado zinachoma.

McClory alikuwa mtu wa Dublin. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa baharia wa meli za biashara; meli yake ikapigwa na torpido mwaka 1943, naye akakaa karibu wiki mbili katika mashua ya kuokolea watu, kwenye baridi ya Atlantiki. Alitoka humo na kigugumizi. Baada ya vita aliingia katika sinema kama fundi wa sauti, na miongoni mwa kazi zake ni The African Queen, filamu ya John Huston iliyopigwa Kongo na Uganda. Alijifunza hapo kwamba ukitaka picha kubwa, unawafuata wenye mito na mamba walipo.

Mwaka 1959 yeye, Fleming na mwandishi Jack Whittingham walikaa pamoja kutunga filamu ya kwanza ya Bond. Ni yeye aliyeng'ang'ania kwamba Bond apelekwe baharini, chini ya maji, Bahamas. Fedha hazikupatikana, mradi ukafa. Fleming akarudi nyumbani kwake Jamaica, akaugeuza muswada ule kuwa riwaya, Thunderball, na kuichapisha mwaka 1961 kwa jina lake peke yake. McClory alikwenda mahakamani kuizuia isitoke, akashindwa. Wiki chache baadaye Fleming alipata shambulio la moyo. Kesi kamili ilisikilizwa London Novemba 1963, na baada ya siku chache upande wa Fleming ukakubali suluhu: McClory akapewa haki za filamu za hadithi ile, na matoleo yote ya Thunderball yaliyofuata yakatakiwa kutaja kuwa riwaya imetokana na kazi ya watu watatu. Agosti 1964 Fleming alifariki dunia, akiwa na miaka 56.

Wapo wanaosema kesi ile ndiyo iliyomuua. Sioni haki katika kumtwika McClory mzigo huo. Fleming alivuta sigara na kunywa kwa kiwango ambacho madaktari wake walikwisha kumwonya, na jambo alilofanya, la kuchukua kazi ya pamoja na kuweka jina moja, lingempeleka mahakamani mwandishi yeyote popote duniani. Waandishi wetu ambao hadithi zao zimechukuliwa na watu wa filamu bila hata kupigiwa simu wataelewa hasira ya Mwailandi yule.

Broccoli na Saltzman waliamua kumkaribisha badala ya kupigana naye. Thunderball ya 1965 ikatengenezwa huku McClory akitajwa kama mtayarishaji, ikavuna fedha nyingi ajabu, naye akaahidi kutotengeneza nyingine kwa miaka 10. Hesabu ni rahisi: 1965 jumlisha 10. Broccoli alipoketi peke yake kwenye kiti cha mtayarishaji, mkataba ulikuwa umefikia kikomo. McClory akatangaza filamu yake mwenyewe, akawashirikisha Sean Connery, Bond wa filamu za kwanza, na mwandishi wa riwaya za kijasusi Len Deighton. Kisha akaenda kwa wanasheria akidai kuwa muswada wa The Spy Who Loved Me unafanana na wake, na kwamba SPECTRE na Blofeld, waliozaliwa ndani ya Thunderball, ni mali yake.

Kesi ya namna hiyo huiua filamu hata kabla ya hukumu. Seti zimekwisha kuagizwa, waigizaji wana tarehe zao, na kila wiki ya kusubiri inakula fedha. Broccoli hakusubiri. Alimwagiza Wood aifute SPECTRE katika kila ukurasa. Blofeld akatoka, Stromberg akaingia, tajiri asiye na genge, asiyetaka fidia wala utajiri zaidi, anayeipenda bahari kuliko watu. Curd Jürgens, Mjerumani mwenye sauti nzito, alimcheza kwa utulivu wa kutisha. Kwa maoni yangu filamu ilifaidika. Blofeld alikwisha kuwa kikaragosi. Stromberg ana wazo, japo ni wazo la kichaa, nalo linaipa hadithi nzima rangi moja ya maji kutoka mwanzo hadi mwisho. Ajabu ni kwamba wazo lile la kumpeleka Bond baharini lilikuwa la McClory tangu 1959.

Broccoli hakusahau. Mwaka 1981, katika dakika za kwanza za For Your Eyes Only, mtu mwenye upara kwenye kiti cha magurudumu, akiwa na paka mweupe na bila jina lolote, ananyanyuliwa kwa helikopta na kutupwa ndani ya bomba la moshi la kiwanda. Kila aliyefuatilia kesi alijua ni nani anayezikwa. McClory naye alijibu mwaka 1983 kwa Never Say Never Again, Thunderball iliyotengenezwa upya, Connery akiwa na miaka 52. Mwaka huohuo Broccoli alikuwa na Octopussy, na Octopussy ikaingiza zaidi. McClory alifariki Novemba 2006 akiwa bado anadai. Mwaka 2013 wenye Bond walizinunua haki zote kutoka kwa warithi wake, na miaka miwili baadaye ikatoka filamu iliyoitwa Spectre.

Nirudi 1976. Meli ya Stromberg ilitakiwa kuonekana ndani ikiwa na nyambizi tatu zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Kampuni ya Shell ilikuwa tayari kutoa meli ya kweli, lakini bima na hatari ya moto vilizuia. Hapakuwa na ukumbi wa studio popote uliotosha. Basi Ken Adam, mbunifu wa mandhari, aliyezaliwa Berlin katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Uingereza akiwa mtoto na baadaye kurusha ndege za kivita za Uingereza dhidi ya nchi alikozaliwa, akapendekeza wajenge. Pinewood, nje ya London, likasimamishwa jengo kubwa kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo, na Harold Wilson, waziri mkuu aliyekuwa amestaafu mwaka uleule, akalifungua Desemba 1976. Walilipa jina la 007.

Mpiga picha mkuu, Claude Renoir, macho yake yalikuwa yameanza kudhoofu, na hakuweza kuona vizuri hadi mwisho wa ukumbi ule. Adam alimwendea rafiki yake Stanley Kubrick, waliyefanya naye Dr. Strangelove na Barry Lyndon. Kubrick alikubali kwa sharti kwamba asionekane na mtu. Akaja Jumapili, studio ikiwa tupu, akakaa saa kadhaa akipendekeza taa ziwekwe wapi. Adam aliitunza siri hiyo kwa miaka mingi. Tazama tena mapigano ya mwisho ndani ya meli, mwanga unavyotoka kwenye taa zinazoonekana ndani ya seti yenyewe, nawe utaona mkono wa bingwa.

Misri ilipata sehemu yake, na hapo ndipo mtazamaji wa Afrika anapokaa vibaya kitini. Kikosi kilipiga picha kwenye piramidi za Giza, msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, hekalu la Karnak na Abu Simbel. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha chakula: shehena ya vyakula kutoka Uingereza iliharibika, wafanyakazi wakanuna, Broccoli akatafuta masufuria na tambi, akafunga aproni na kuwapikia watu wote, Moore akisaidia kugawa. Ni kisa kizuri, na kinamweleza Broccoli kuliko wasifu wowote. Mtayarishaji anayeshika mwiko mwenyewe jangwani ana namna tofauti ya kumiliki kazi yake.

Kisa cha pili hakinifurahishi. Serikali ya Misri iliweka ofisa kwenye eneo la kazi ahakikishe nchi haichafuliwi. Katika Karnak, Jaws anaangusha jukwaa la ujenzi, na Bond anatoa mzaha wa kuwabeza wajenzi wa Kimisri. Moore alisimulia mwenyewe kwamba alichezesha midomo tu, ofisa asisikie, na maneno yakatiwa baadaye studio. Wengi hulitaja hilo kama ujanja wa kupendeza. Lakini angalia waliposimama: ukumbi wenye nguzo 134 zilizochongwa na wajenzi hao hao, ambazo zimesimama zaidi ya miaka 3,000. Ofisa yule alikuwa na haki ya kuwepo pale, na wageni walimpita kwa mlango wa nyuma. Katika filamu nzima Wamisri ni wachuuzi wa njiani, walinzi na maiti.

Abu Simbel ina fumbo ambalo watengenezaji hawakuliwekea maelezo. Katika hadithi, wakuu wa ujasusi wa Uingereza na wa KGB wanakutana ndani ya hekalu la kale la Misri na kufungua ofisi ya pamoja. Kikosi kilifika Misri miezi michache tu baada ya Rais Anwar Sadat kuufuta mkataba wa urafiki na Urusi, Machi 1976. Washauri wa kijeshi wa Kirusi alikwisha kuwafukuza tangu 1972. Na hekalu lenyewe la Abu Simbel halikuwa mahali lilipochongwa. Lilikatwa vipande na kupandishwa juu yapata meta 65, kati ya 1964 na 1968, lisizamishwe na bwawa la Aswan lililojengwa kwa msaada wa Warusi haohao. Hapo palikuwa na hadithi ya kijasusi kubwa kuliko ya Stromberg, nao walipita wakipiga picha za mawe.

Kuruka kwa mwanzoni mwa filamu hakuhitaji utetezi. Bond anateleza kwa skii akiwakimbia wauaji, anafika ukingoni mwa mlima na kuendelea mbele. Muziki unakatika. Mtu anaanguka, anaanguka, hadi mtazamaji anajiuliza kama ni kweli, kisha linafunguka parachuti lenye bendera ya Uingereza. Ilikuwa kweli. Aliyeruka ni Rick Sylvester, kutoka Mlima Asgard, kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, Julai 1976. John Glen aliongoza kikosi kidogo cha wapiga picha, wakasubiri siku nyingi hali ya hewa itulie, na walipopata upenyo Sylvester aliruka mara moja tu. Kamera moja pekee ndiyo iliyomfuata vizuri. Skii moja iliyochomoka iligusa parachuti likiwa linafunguka, na unaweza kuiona. Glen baadaye aliongoza filamu 5 za Bond.

Kilichozeeka hasa ni Anya. Anaanza kama meja aliye sawa na Bond, anamzidi akili huko Misri, na hata anaapa kumuua kwa kuwa Bond amemuua mpenzi wake. Nusu ya pili inamnyang'anya vyote hivyo. Anageuka mateka wa kuokolewa, na kiapo chake kinayeyuka ndani ya dakika moja. Bach anastahili kuandikiwa zaidi, na filamu yenyewe, kwa jinsi ilivyomjenga saa ya kwanza, ilijua hilo. Muziki wa Marvin Hamlisch nao umejaa midundo ya disko ya mwaka ule, ingawa wimbo alioimba Carly Simon haujachuja.

Filamu iliingiza takriban dola milioni 185 duniani kote na kuteuliwa kuwania Oscar tatu. Maandishi ya mwisho yaliahidi kwamba Bond angerudi katika For Your Eyes Only, lakini Star Wars ilikuwa imetoka Mei mwaka huo, watu wakataka anga, na Moonraker ikapenyezwa mbele. Richard Kiel, Jaws, aliyeyavumilia meno yale kwa dakika chache kila mara kwa sababu ya maumivu, alirudishwa. Ushawishi wa Bond ulifika mbali. Aliyemsoma Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, anajua Bond alivyokwisha kuingia katika riwaya zetu hata kabla ya mwaka huo.

Yaliyofuata ni mafupi. Ukumbi wa 007 uliungua Juni 1984, ukajengwa upya na kupewa jina la Albert Broccoli, ukaungua tena Julai 2006, ukajengwa tena. Moore alifariki 2017, Lewis Gilbert, mwongozaji wa filamu hii, mwaka uliofuata. Gari la Lotus lililogeuka nyambizi, ambalo katika maji ya Bahamas lilikuwa likiendeshwa na mpiga mbizi wa kweli huku maji yamejaa ndani, lilisahauliwa ghalani huko Long Island. Mwaka 1989 ghala liliuzwa pamoja na vilivyomo kwa dola 100 hivi, na walionunua hawakujua wana nini. Mwaka 2013 Elon Musk alilinunua mnadani London kwa zaidi ya pauni laki 5.

Amazon MGM wamekwisha kumtangaza Denis Villeneuve kuwa mwongozaji wa Bond ajaye, na ni chaguo la heshima. Lakini hadi miaka 50 itimie wana deni jingine: kuirudisha filamu hii kwenye kumbi, kwa nakala iliyosafishwa, na waanzie Cairo na Luxor, ambako majina ya Wamisri waliobeba taa na kuongoza magari jangwani hayakuwahi kutajwa kwa sauti. Watakaolipia tiketi wapo.